Nilimtuma Somo Wake

Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo atakayesoma hapa anisamehe mpangilio. Naandika nyuma ya daftari la Jiografia aliloliacha binti yangu. Kurasa za mbele zina mwandiko wake na ramani ya mito, sijazigusa. Nataka kueleza jinsi mshauri wa hospitali kule Newala alivyokuwa akihangaika kumrudisha mwanangu kwenye uhai, na jinsi mimi mama yake nilivyoingilia kazi ile. Nitajitahidi nisimwonee mtu. Kwa upande wangu mwenyewe sijui kama nitaweza.

Nilikuwa na watoto wawili: binti wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Baba yao tuliachana, yuko Tunduru na familia nyingine. Ada alikuwa akileta anapopata, simsemi vibaya. Sisi tunakaa Mnyambe kwenye mikorosho ya mama yangu, na msimu ukiisha mimi huenda Masasi kuchukua mitumba, naizungusha vijijini.

Siku mtoto alipofariki nilikuwa Masasi. Nilimwachia dada yake maagizo kwamba mdogo wake akichemka ampeleke zahanati. Alichemka. Dada yake alikuwa na mtihani asubuhi hiyo, akampa panado, akamlaza kwa jirani, akaenda. Aliporudi mbio saa sita mchana degedege ilikuwa imeshaanza. Mtoto alikata roho njiani kwenye pikipiki, mikononi mwa dada yake. Muuguzi wa zahanati aliniambia kwamba malaria ile hata wangefika mapema huenda ingemchukua, na huenda isingemchukua. Alizisema huenda zote mbili. Nilimheshimu kwa sababu hakutaka kunifariji kwa uongo.

Baada ya arobaini binti aliacha shule. Hakutangaza kwamba ameacha, alikaa tu. Aliacha kusuka nywele, akaacha kula mezani, akaacha kujibizana nami, na huyu alikuwa mtoto wa kujibizana tangu anaota meno. Nilisema moyoni ni huzuni, itapita. Mwezi wa tano tangu msiba alijaribu kujitoa uhai. Sitaandika kwa njia gani. Jirani alimwahi. Akalazwa Newala siku sita, na alipopata nafuu daktari akasema haruhusiwi kwenda nyumbani kabla hajaonana na mshauri.

Mshauri alikuwa kijana wa bara, mtu wa Kanda ya Ziwa, umri kama miaka thelathini. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya vyandarua na harufu ya dawa yake haijatoka mpaka leo. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia. Kisha akamgeukia binti yangu na wala hakumuuliza kitu. Alimwonyesha viti vitatu na mkeka, akamwambia achague pa kukaa. Binti akakaa mkekani. Na yeye, na suruali yake iliyopigwa pasi, akakaa mkekani, ubavuni pake, wote wawili wakitazama ukuta. Baadaye alinieleza kwamba kijana ukimkazia macho anajiona yuko polisi.

"Na wewe mama," akaniuliza, "huko nyumbani wanakuita mama nani?"

Kwa haki ningeitwa kwa jina la binti, ndiye kifungua mimba wangu. Ila tangu azaliwe yule mvulana watu walizoea kuniita kwa jina lake, na mimi nilizoea kuitika. Nikataja jina la marehemu. Mshauri akaliandika. Binti akainamisha kichwa. Wakati ule sikuona kitu. Sasa nakiona, lakini huenda nakiongeza mwenyewe, maana siku hizi kila jambo nalitafutia sababu.

Sheria zake alizisema tukiwa wote watatu, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Atakayoyasema binti mle ndani ni mali ya binti. Yeye atayatoa kwa jambo moja tu, akiona uhai wake uko hatarini, na hata hapo atamwambia binti kwanza kwamba sasa namweleza mama yako. Mlango hautafungwa kabisa, kwa kuwa yeye ni mwanaume na huyu ni mtoto wa kike, na muuguzi atakuwa chumba cha pili. Vitu vyote vya hatari vitoke nyumbani kwangu leo hii, si kesho. Halafu akasema neno ambalo ndilo nililolivunja, kama kweli nililivunja.

"Mama, usimuulize tulichoongea. Akitaka atakuambia mwenyewe."

"Hata nikiona kanuna?"

"Akinuna muulize kama amekula."

Tukawa tunakwenda kila Alhamisi kwa bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje. Maneno sikuyasikia ila sauti zikipanda. Wiki mbili za mwanzo hakukuwa na sauti ya mtoto kabisa, kulikuwa na karanga tu. Mshauri alikuwa na ungo wa karanga zenye maganda, na kila kijana aliyeingia alipewa amenye. Alisema mikono ikiwa na kazi, mtu anasahau kwamba anasikilizwa. Nilikaa nikisikia zile pa, pa, pa, saa nzima, nikifikiri, huyu serikali inamlipa mshahara kumenyesha watu karanga. Nakiri nilifikiri hivyo.

Alhamisi ya tatu nilisikia mazungumzo.

"Nilipofika huku nilikuwa nawapa korosho," mshauri alikuwa akisema. "Nikanunua mbichi, na ganda lake. Nikaipasua kwa meno."

"Kwa meno?"

"Kwa meno. Midomo ikababuka siku nne. Wagonjwa wakaanza kunipa pole mimi."

"Sasa digrii yako ulisomea nini wewe, kama mtoto wa chekechea wa huku anakushinda?"

Akacheka. Binti yangu alicheka, kile kicheko chake cha puani. Hapa kwetu kila mtu anajua mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kwa hiyo hata mimi ningecheka. Ilikuwa miezi mitano sijakisikia. Nilipaswa kumshukuru Mungu, na nilimshukuru. Ila chini ya shukrani kulikuwa na kitu kinachouma, na nikikitafutia jina ni wivu. Mimi nilimzaa, mimi nilimwogesha hospitalini siku sita, na kicheko akapewa mtu wa Kanda ya Ziwa aliyeungua midomo.

Kazi yake ilikuwa inakwenda. Nasema hivi ili nimtendee haki. Binti alianza kula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, niliyomchemshia, akaomba kitana, na siku moja aliniambia chai ina sukari nyingi, nikafurahi kama mtu aliyepokea zawadi. Lakini njiani kurudi hakusema kitu. Nilimwona mgongo wake mbele yangu kwenye pikipiki nikawa najiuliza, anamwambia nini yule? Ni kitu gani kinachoingia kwenye masikio ya mgeni na kwangu hakifiki?

Hapa inabidi nieleze mila yetu kwa asiyeijua. Mtoto wa kike akishatoka unyagoni, mama hamwingilii tena kwa maswali ya ndani. Ni aibu kwa wote wawili. Ana somo wake, mwanamke aliyemshika mkono mle ndani akamfundisha, na tangu siku hiyo la moyoni linapitia kwa somo. Mama akitaka kujua anamtuma somo. Binti kwa mama anaweza kunyamaza, kwa somo hanyamazi. Ndivyo tulivyofundwa, mimi na mama yangu na mama yake, na kuwa Waanglikana wa tangu enzi za misheni hakukuibadilisha.

Kwa hiyo mshauri aliposema usimuulize, mimi nilisikia jambo ninalolijua. Mama haulizi. Ndiyo, tangu lini mama akauliza? Anauliza somo. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Kama nilidanganyika au nilijidanganya, nimelipima jambo hili mara nyingi na mizani haijatulia.

Somo wake ni mwanamke wa rika langu, mcheshi, mdomo hauna breki. Nilimfuata shambani kwake akiokota korosho.

"Karibu, mkwe wa mshauri," akanitania. "Nasikia mna posa Newala kila Alhamisi."

"Acha ujinga. Nina shida."

"Shida utakuwa nayo mpaka uzikwe, uso wenyewe ndio huo. Kaa, niokotee hizo."

Nikaokota, nikamweleza. Alisimama akajifuta mikono kwenye kanga. Hakutania tena.

"Yule mgeni hakukataza?"

"Alinikataza mimi."

"Mimi hakunikataza?"

"Wewe hakujui."

Akafikiri. "Basi nitakwenda. Ni mwanangu pia."

Alimwita kwake siku mbili, wakatwanga pamoja. Siku ya tatu akaja kwangu mchana, binti akiwa amekwenda kisimani. Aliketi bila hata kuniita mkwe, nikajua.

"Anasema kuna neno ulilisema msibani," akaanza. "Ulikuwa na mama yako nyuma ya nyumba. Ukasema afadhali angeondoka huyu mkubwa, mdogo akabaki."

"Mwongo huyo."

"Mimi nimetumwa, nimeleta."

"Nimesema mwongo!"

"Haya, dada. Ila anasema alikuwa upande wa pili wa ukuta wa jiko, ana ndoo ya kijani iliyopasuka ukingo, maji yanamchuruzikia shingoni, na hakuitua mpaka ulipomaliza kulia. Mtu anayetunga hakumbuki ndoo."

Nililisema. Siku ya tatu ya msiba, kwa Chimakonde, taratibu, kwa mama yangu ambaye naye sasa ni marehemu. Nilikuwa sijala wala kulala. Siandiki hivyo kujitetea, kwa sababu wapo watu wengi wasiokula wala kulala na hawasemi neno kama lile. Sijui kama nililimaanisha. Kwa muda ule lilipokuwa linanitoka mdomoni, nadhani nililimaanisha.

Ningenyamaza hapo, huenda bado yangerekebishika. Lakini binti aliporudi na maji sikuweza kumtazama, na aibu yangu ikatoka kwa sura ya hasira.

"Mimi sikusema yale," nikamwambia.

Aliitua ndoo chini polepole. "Yapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Binti akasema, "Kwa hiyo alikuja kwako." Kisha, "Ulimtuma wewe."

"Ni somo wako, mwanangu, ni haki yake..."

"Na yule wa hospitali naye unamtuma?"

"Hapana. Naapa, hapana."

"Wote mna mdomo mmoja," akasema, akaingia ndani.

Alhamisi ilipofika bodaboda ikaja, akasema haendi. Nikamsihi kupitia mlangoni. Nikamlipa kijana wa watu nauli ya bure akaondoka. Wiki ile binti alirudi kwenye kutokula, na mimi nilikwenda naye hadi chooni, nikisimama nje namwita, naye anaitika kwa kugonga ukuta. Asipogonga upesi nausukuma mlango. Huo ndio ulikuwa uhai wetu.

Alhamisi ya pili nilimwachia jirani amwangalie, nikaenda Newala peke yangu. Mshauri alinitazama nikiingia bila mtoto, akainuka upesi.

"Yu hai," nikasema haraka.

Akanionyesha viti na mkeka. Nilikaa kiti, naye akakaa kiti cha pembeni. Akasukuma ungo wa karanga katikati yetu. Nilitaka kukataa, mimi si mtoto, lakini vidole vilianza vyenyewe. Nikamweleza juu ya somo. Nikamweleza kwamba binti anasema nililisema neno fulani. Nikalitaja neno lenyewe. Hakuonyesha kama amewahi kulisikia au la.

"Mama, ulilisema au hukulisema?"

Nikamenya karanga nyingi sana.

"Nililisema."

Hakunipa pole, wala hakunikaripia. Akasema kwamba kosa moja ni lake. "Kwetu hakuna somo. Nilikuambia usiulize, sikuuliza nani huwa anauliza. Hilo ningelijua siku ya kwanza kama ningekuwa na akili ya kuuliza." Nikamwambia hapana baba, kosa ni langu. Akasema hatugawani makosa hapa kama nyama ya mnada, kila mtu abebe lake. Halafu akasema kuna kitu anaamini bado kinaweza kufanyika, lakini hana hakika, na hawezi kukifanya yeye.

"Nenda ukamwambie ulilisema. Basi. Usimwambie ulikuwa na uchungu. Usimwombe akusamehe, maana ukiomba utamlazimisha ajibu, na yeye hana nguvu ya kujibu. Na mama, tafadhali, usilie mbele yake. Ukilia atakubembeleza wewe, na mzigo utarudi kwake."

"Na akiniuliza kama nililimaanisha?"

"Mwambie ukweli unaoujua. Kama hujui, mwambie hujui."

Nilirudia maneno hayo njia nzima nyuma ya pikipiki, kama mtoto anayekariri amri kumi. Nilimkuta amekaa kizingitini anachambua mbaazi. Nikakaa ubavuni pake, si mbele yake.

"Nililisema," nikamwambia. "Ulivyosikia ndivyo nilivyosema. Nilikuita mwongo na wewe si mwongo."

Mikono yake ikasimama. Akauliza, kama nilivyoogopa, "Ulimaanisha?"

"Sijui."

Tukakaa. Nilijibana, nikatazama mbaazi, nikahesabu zilizooza. Halafu nikalia. Sikuweza. Nililia kwa sauti kama siku ya msiba. Na yeye, kama mshauri alivyosema, akaweka ungo chini akaniwekea mkono mgongoni. "Basi mama. Basi." Nilimsikia sauti yake ni ya mtu mzima aliyechoka. Nikashindwa hata kwenye hilo.

Siku mbili baadaye alisema anataka kuondoka. Mdogo wangu wa kike ni mwalimu, anakaa Masasi mjini, na mshauri alikuwa ameshatuambia zamani kwamba mwenzake, mwanamke, anafanya kazi hiyohiyo huko. Binti alikubali kumwona huyo mwanamke kwa masharti, akayasema amesimama, mfuko uko mkononi. Nisijue anakwenda siku gani. Nisimpigie, akitaka atapiga. Somo asiende Masasi. Na mtu yeyote asiniletee habari zake za ndani, hata mama mdogo.

"Hata kama..." nikaanza.

"Hiyo watakuambia," akasema. "Sheria ni ileile."

Nikakubali. Somo alipoambiwa alilia, akasema tangu dunia iumbwe hajasikia somo akipigwa marufuku kwa mwali wake. Alinilaumu mimi, kisha mgeni, kisha akajilaumu mwenyewe. Siku hizi tunasalimiana kanisani, tunaulizana habari za mikorosho.

Kuna siku nilipita hospitalini Newala kwa ajili ya miguu yangu, nikachungulia kile chumba. "Anakwenda kwa mwenzako kule?" nikamuuliza mshauri. Akatikisa kichwa kwa upole. "Mama, hata hilo ni lake." Nilimkasirikia mpaka nje ya geti. Baadaye niliona kwamba kama angenijibu, mimi ndiye wa kwanza ambaye nisingemwamini tena.

Mdogo wangu anapiga Jumapili. Anasema, "Yupo." Wakati mwingine, "Yupo, amekula." Nikisikia amenyamaza kidogo kabla ya kusema, siku hiyo sifanyi kazi. Ni miezi saba sasa. Sijamsikia mwenyewe.

Juzi Jumanne mdogo wangu alipiga siku isiyo yake. Nilipoona jina lake kwenye simu niliketi chini hapohapo barabarani kabla ya kupokea. Akasema binti anahitaji cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha pili, anataka kujiandikisha afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikauliza, "Kasema yeye mwenyewe?" Akajibu, "Kaniambia nikuambie uvitume kwa basi." Hakuongeza.

Vyeti vilikuwa ndani ya Biblia ya mama. Nikavitia kwenye bahasha, nikakaa na kalamu. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaisoma, ilikuwa imejaa samahani. Nikaichana. Nikaandika nyingine ya mistari miwili, kwamba mikorosho imechanua vizuri na kwamba simdai neno lolote. Nikaisoma hiyo nayo. Mtu asiyedai haandiki kwamba hadai. Nikaitoa.

Mtu anayepanga mtihani wa mwakani, nadhani ana nia ya kuwepo mwakani. Au huenda mama mdogo ndiye anayempangia, na yeye anaitika tu. Sijui, na nimekatazwa kuuliza. Kesho yake asubuhi nilimpa kondakta bahasha, nikamlipa, akaniuliza kama kuna ujumbe wa kumpa mpokeaji. Nikamwambia hakuna, ni vyeti tu, asivikunje.